Betri Mpya, Gari Kuukuu

Wapagazi wa zamani, waliopita Tabora wakielekea Ujiji, walitua mizigo yao na kulala njiani. Familia iendayo Choma, wilayani Igunga, kwa gari kuukuu lililotiwa vitanda, taa na jokofu, yaweza kufanya vivyo hivyo. Lakini jokofu likinyonya betri ya injini usiku kucha, alfajiri mama na watoto watashuka kusukuma.

Dawa ni betri mbili: moja ya kuwashia injini, nyingine ya matumizi ya ndani. Betri ya risasi na tindikali isitumiwe kupita nusu ya nguvu zake. Ikishuka karibu na volti 12, ichajiwe. Betri ya lithiamu ni nyepesi, na huvumilia kutumiwa hadi asilimia 80. Ila hupokea umeme kwa pupa, hata alteneta ya zamani ikaweza kuungua.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kununua lithiamu, tenga fedha za kifaa cha kudhibiti chaji kati yake na alteneta, pamoja na fyuzi karibu na kila betri. Kubadili betri peke yake ni kumtwika mzee mzigo wa kijana.