Baba na Wavulana Wanapobadili Injini

Akina mama wengi wa Marekani wanaijua picha hii. Ni Jumamosi mchana, mlango wa banda la gari uko wazi, na sakafuni imelala injini iliyotolewa katika pikipiki ya motokrosi, yaani zile za mashindano ya udongoni. Kando yake imesimama pikipiki kuukuu ya magurudumu matatu, yenye matairi manene kama maputo, na tumbo lake ni tupu. Baba na kijana wa miaka 14 wamechuchumaa, wanapima kwa macho kama hii itaingia katika ile.

Mama apitaye hapo huona mafuta yaliyomwagika na fedha zilizokwenda. Lakini kuna mengine ya kuona. Kwa kuwa ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki sasa wanaishi na kulea watoto katika nchi hiyo, tumeona yafaa kueleza kazi hii ni kazi gani, na ni wapi ambapo mama hana budi kusema neno.

Pikipiki hizo zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1970. Wauzaji wa Honda walikuwa na shida: majira ya baridi yakifika wateja walitoweka, maana nani atapanda pikipiki juu ya theluji? Osamu Takeuchi, mhandisi wa kampuni hiyo, pamoja na wenzake, walijaribu vyombo vya magurudumu mawili, manne, hata sita, wakaona kwamba matatu ndiyo yanayokwenda vizuri zaidi katika theluji na matope. Wakakiita US90, na baadaye kikajulikana kama ATC90. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 7 tu. Hakikuwa na springi. Matairi yake yenye upepo kidogo ndiyo yaliyomeza mashimo.

Nguvu za farasi 7 hazikutosha kwa muda mrefu. Mwaka 1981 ikatokea ATC250R, yenye injini ya mipigo miwili, ya jamaa ya zile za Vespa za zamani ambazo petroli yake huchanganywa na oili. Yamaha na Kawasaki nao wakatoa zao. Vyombo vilivyobuniwa vya kutembelea theluji vikawa vya mashindano, na watoto wakapanda.

Hapo ndipo machozi yalipoanza. Hospitali zilipokea majeruhi wengi, na miongoni mwao walikuwamo wengi wa chini ya miaka 16. Tume ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama wa bidhaa iliwapeleka watengenezaji mahakamani, na mwezi wa Aprili 1988 mahakama ikaidhinisha mapatano: viwanda viache kuuza mapya ya magurudumu matatu, na vyombo vya magurudumu manne vyenye injini kubwa kuliko cc 90 visiuzwe kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 16. Mapatano hayo yalikuwa ya miaka 10. Mwaka 2008 ikatungwa sheria iliyokataza kuingiza au kusambaza mapya ya magurudumu matatu. Yale ya zamani hayakunyang'anywa watu, na ndiyo hayo yanayofufuliwa mabandani.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atauliza, mbona bajaji nazo zina magurudumu matatu? Ni kweli, nazo huanguka zikikata kona kwa kasi. Lakini bajaji ina difu, hivyo gurudumu la nje la nyuma laweza kuzunguka zaidi kuliko la ndani. Pikipiki tunazozisema hazina. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, magurudumu yote mawili yanazunguka sawasawa yapende yasipende, na kwa sababu hiyo chombo hung'ang'ania kwenda mbele hata usukani ukikatwa. Dereva analazimika kuuhamisha mwili wake ili gurudumu la ndani lipungukiwe uzito na kuteleza. Anayejua huufanya mwili wote kuwa usukani. Asiyejua hupinduka. Zaidi ya hayo, aliyezoea pikipiki ya kawaida akiona anaanguka hushusha mguu chini, na gurudumu la nyuma, lililo karibu sana na kisigino chake, humpanda mguu huo huo na kumvuta chini.

Basi kwa nini watu watie injini kubwa zaidi katika chombo cha namna hiyo? Wengine, tuseme wazi, wanataka kasi. Injini ya Honda CR500R ina nguvu za farasi zaidi ya 50, na wapo wanaoitia katika fremu ya ATC250R. Lakini wengine sababu yao ni ya unyenyekevu zaidi. Chombo cha babu kimebaki shambani, injini yake imekufa, vipuri vyake ni adimu na bei yake ni kali, na jirani anauza pikipiki iliyovunjika fremu lakini injini nzima.

Kazi yenyewe ni ya kufikiri kuliko ya nguvu. Vishikizo vya injini moja havikai mahali pa vishikizo vya nyingine, kwa hiyo fundi hutengeneza vipya vya chuma. Kwanza huiweka injini katika fremu kwa kuegemeza vipande vya mbao, akaisogeza huku na huku mpaka sproketi ya mbele itazamane na ile ya ekseli katika mstari mmoja. Ikipishana hata kidogo, cheni hula meno au hutoka njiani. Na cheni inayotoka kwa kasi huweza kupasua injini au kuzuia magurudumu ghafla. Tena, sproketi ya mbele sharti ikae karibu na egemeo la mkono wa nyuma unaopanda na kushuka. Ikiwa mbali, cheni italegea na kukaza kila gurudumu linaporuka.

Halafu kuna kabureta inayogusa bomba la fremu, ekzosi isiyo na pa kupita, radieta isiyo na pa kukaa. Injini za motokrosi nyingi hazina feni. Zimezoea kupozwa na upepo wa mwendo. Kijana akizungukazunguka polepole nyuma ya nyumba, maji yatachemka. Nyingi pia hazizalishi umeme wa taa, kwa hiyo chombo kilichokuwa na taa huenda kikabaki gizani. Na kwa kuwa matairi ya chombo hiki ni mafupi kuliko gurudumu la nyuma la motokrosi, hesabu ya meno ya sproketi lazima ifanywe upya. Tumefurahi kuona kwamba hesabu ambazo kijana anazikimbia darasani anazifanya mwenyewe hapa, bila kusukumwa.

Ndiyo maana hatumshauri mama akataze kazi yote. Kusema kweli, tungependa zaidi kumwona mvulana ameketi na baba yake wakichonga kishikizo cha injini kuliko kumwona yu peke yake mbele ya televisheni. Wapo akina baba ambao hawajui kuzungumza na mtoto wa kiume uso kwa uso, lakini wakishika spana maneno huja yenyewe.

Fedha ni jambo la kwanza la kuuliza. Injini ndiyo bei inayotajwa mezani. Cheni, sproketi, bomba, mipira ya maji, pistoni mpya na malipo ya mchomeleaji huja baadaye, kidogo kidogo, na jumla yake huweza kupita bei ya injini. Bwana Yesu alipotoa mfano wa mjenzi wa mnara katika Luka 14, alimketisha kwanza kuhesabu. Mumeo naye aandike.

La pili ni banda lenyewe. Tangi la petroli litolewe na kupelekwa mbali kabla ya kuchomelea, hata kama ni tupu, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Injini isiwashwe kamwe mlango ukiwa umefungwa. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua, na wakati wa baridi kali mtu hushawishika kufunga mlango ili apate joto. Huko baridi si ya mchezo.

Kuchomelea fremu si kazi ya mwanafunzi. Fremu hii ilipimwa kiwandani kwa injini ndogo zaidi. Ikikatwa na kuungwa vibaya, itaachia chombo kikiwa katika mwendo, tena juu ya mawe. Kijana na apime, achonge, afunge boliti, lakini maungo yanayobeba uzito yafanywe na mchomeleaji anayelipwa kwa kazi hiyo. Breki nazo ziangaliwe kwa jicho hilo hilo, maana zilitengenezwa kwa mwendo wa zamani.

Tunafika penye shida kubwa. Kijana aliyeshiriki miezi mitatu ataona ana haki ya kupanda, na baba atapata taabu kumnyima. Katika Kumbukumbu la Torati 22 mwenye nyumba mpya aliagizwa kuzungushia dari yake ukuta mdogo, ili damu ya mtu atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Chombo hiki ni dari isiyo na ukuta. Wataalamu wa usalama husema mtoto wa chini ya miaka 16 asipande hata vile vya magurudumu manne vya watu wazima. Sembuse hiki chenye matatu na injini iliyoongezwa nguvu. Neno hilo lisemwe siku ya kwanza, kabla spana haijashikwa. Likisemwa siku ya mwisho litaonekana ni hila. Huenda baba na mama wakakubaliana kwamba kijana atapata chombo kidogo cha umri wake, chenye magurudumu manne, pamoja na mafunzo, kofia ngumu na viatu virefu. Mkubwa atakayepanda naye avae hivyo hivyo.

Kupatana kwa maneno hakutoshi. Pikipiki nyingi za motokrosi hazina ufunguo. Mtu hupiga teke tu nayo yawaka. Mvulana aliyeachwa nyumbani jioni moja na rafiki zake haitaji zaidi ya mguu wake. Baba afunge fremu kwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo, kisha aitoe spaki plagi na kumpa mama aiweke katika kabati lake. Tundu lililobaki lizibwe kwa kitambaa safi, vumbi lisiingie katika silinda.