Kitako cha kopo

Uchumi mgumu na mfuko wa mnunuzi: sehemu ya tatu

Jumatano ya kwanza ya mwezi, kama ilivyo ada, wadhibiti wa nishati, EWURA, walitangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Jioni redio moja ikafungua simu kwa wasikilizaji. Wa kwanza akasema mchana siku hizi hali hotelini tena, anabeba kiporo. Wa pili akalalamika kwamba nyama kwake imekuwa kitoweo cha sikukuu. Wa tatu alikuwa mama mwenye sauti ya kuchoka, na neno lake limenikaa kichwani wiki nzima: "Sisi vitu tunanunua vilevile, mtangazaji, ila tumepunguza kipimo."

Msomaji aliyefuatana nami tangu mwanzo anajua mfumuko wa bei ni nini na hupigiwaje hesabu, na habari ya mishahara tuliimaliza katika sehemu ya pili. Sitarudia. Leo nilikusudia kueleza watu hukata nini kwanza mambo yanapokaza, dukani na mezani. Lakini yule mama amenitonesha donda. Vipimo ni ugonjwa wangu wa miaka thelathini. Juu ya kabati langu la vitabu kuna kibaba cha mbao nilichokinunua Unguja, kimepasuka ukingoni, na wageni hudhani ni cha kuwekea majivu ya sigara.

Hakuna mtoto wa shule asiyejua kwamba haba na haba hujaza kibaba. Nilipokuwa nafundisha somo la biashara nilikuwa na mchezo mmoja wa kuwaumbua wanafunzi: naandika methali ubaoni, nauliza, haya, kibaba chenyewe kinachukua kiasi gani? Kimya. Mmoja akajaribu, "Ni kama kikapu, mwalimu?" Taifa zima linahimizana kujaza chombo lisichokijua.

Basi kijulikane. Kibaba ni kiasi cha pauni moja na nusu ya nafaka, yaani gramu 700 kasoro kidogo. Vibaba vinne ni pishi. Waislamu pishi hawajaisahau, kwa sababu kila mwisho wa Ramadhani zakati ya fitri hutolewa kwa hesabu hiyo, pishi moja ya chakula kwa kila roho iliyomo nyumbani. Waarabu huiita saa, nayo ina mudi nne. Kibaba chetu na mudi ni ndugu. Kwa mizigo mikubwa kulikuwa na frasila, pauni 35 hivi, iliyopima pembe za ndovu na karafuu.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba wazee walikuwa na majina mawili kwa kibaba kimoja. Kibaba cha mfuto ni kile ambacho muuzaji amekijaza kisha akapitisha kijiti au kiganja juu yake, kikawa sawa na ukingo. Kibaba cha tele ni kile kilichoachiwa kilima chake. Mnunuzi aliuliza kabla ya kutoa fedha: mfuto au tele? Bei ikafuata jibu. Leo kilichobaki ni kauli ya sokoni, "Niongezee basi, mama," na nyanya moja iliyobonyea inayotupwa juu ya fungu kama sadaka. Lugha ilikuwa na mkataba, sisi tumebaki na kubembelezana.

Wala tusidhani hila ya kupunguza kipimo ilizuliwa juzi. Sura nzima ya Kurani, ya 83, imepewa jina la wapunjaji wa vipimo. Katika Biblia sura ya 11 ya Mithali inafungua na mizani ya udanganyifu. Na Waingereza mwaka 1266, enzi za Mfalme Henry III, waliweka sheria ya mkate na bia ambayo mimi naihesabu miongoni mwa sheria zenye akili sana duniani. Ilisema hivi kwa ufupi: bei ya mkate haibadiliki, uzito ndio unaobadilika. Ngano ikipanda, mkate wa senti ileile unapungua, lakini unapungua kwa jedwali lililoandikwa, si kwa huruma ya mwokaji. Aliyepunguza kupita jedwali alitozwa faini, na akikubuhu alitiwa kwenye mkatale mbele za watu. Sheria hiyo ilidumu hadi karne ya 19.

Sasa litazame andazi la mtaani kwako. Bei ni ileile ya mwaka jana. Mwili wake je? Muuzaji anatumia kanuni ya Henry III bila kuisoma, na bila jedwali. Simlaumu sana, maana unga na mafuta vikimpandia hawezi kumdai mteja zaidi. Mteja ana sarafu moja mkononi na macho yake yamezoea sarafu hiyo. Kiwanda cha sabuni kinafanya vivyo hivyo na mche, na cha biskuti na pakiti yake. Tofauti ni kwamba kiwanda huandika gramu pembeni kwa herufi za siafu.

Hapa nyumbani somo la kipimo tulilipata kwa fimbo. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi yafungwe, nafasi yashike ya vijiji na ya ushirika. Mwaka huohuo breki zikakanyagwa, kwa kuwa kufunga duka ni kazi ya asubuhi moja ila kufungua jingine sivyo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, 1978 tukaingia vita vya Kagera, bei ya mafuta duniani ikaruka. Mwalimu Nyerere akatutaka tufunge mikanda kwa miezi 18. Wa rika langu wanajua miezi ile ilivyorefuka.

Bei wakati ule haikuwa kilio kikubwa. Tume ya Bei ilikwisha kuipanga. Bei ipo ukutani, bidhaa haipo. Tulipanga foleni kwa mawe na ndala, mwenye jiwe anakwenda kuteka maji akijua nafasi yake italindwa. Sukari iligawiwa kwa kaya, balozi wa nyumba kumi akisimama na daftari lake, na muuzaji akapima kwa kikombe. Sabuni ya mche ilikatwa vipande kwa waya, na ilipokosekana kabisa mama alifulia majani ya mpapai. Unga wa mahindi ya njano ulipokuja kutoka Marekani tukaupachika jina la Yanga kwa rangi yake, hata mashabiki wa Simba wakaula.

Mimi nilitumwa dukani na mama nikiwa na chupa ya mafuta na onyo moja: "Mwangalie mkono." Hakusema niangalie bei. Mkono wa muuzaji ndio uliokuwa soko.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akawashukia walanguzi, watu wakatupa vitenge na sabuni usiku kwa hofu ya kukutwa navyo. Bajeti ya 1984 ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa, mitumba ikarudi, na Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwishoni mwa 1985 tukaanza kuimba ruksa. Ni miaka hiyohiyo ambapo basi dogo la shilingi tano lilipata jina la daladala, kwa kuwa sarafu ya shilingi tano mitaani iliitwa dala. Na ni miaka hiyo ambapo mshahara ulikuwa haufikishi mtu tarehe 10, wanawake wakatoa sufuria zao nje, karibu na viwanda na maofisi, wakazungukwa na wateja waliokuwa wakisema, "Mama, nitilie." Jina likashika. Nchi hii ina sanamu nyingi, mama ntilie bado sijaona yake.

Bidhaa zilirudi, kilo ikarudi, lakini kikombe hakikuondoka. Alibaki yule asiye na fedha ya kilo. Kwake debe, ambalo asili yake ni tini ya mafuta ya taa ya lita 18 hivi, ni chombo cha matajiri. Yeye ananunua kwa sado, lile kopo la rangi ya nyumba lililoingia sokoni likawa kipimo cha maharage. Jirani zetu wa Kenya wana gorogoro, kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili, na duka la vipimo vidogo wanaliita la kadogo. Chini ya sado kuna robo, chini ya robo kuna fungu, na chini ya fungu kuna kipakiti. Viwanda navyo vilijifunza: majani ya chai, sabuni ya unga, dawa ya meno, vyote kwa vipakiti vya sarafu. Hata pombe kali ilitiwa kwenye viroba, mpaka serikali ikavipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Mwaka huo, kama mnakumbuka, ndio vijana walikuwa wakisema vyuma vimekaza.

Fanya hesabu nyepesi. Chukulia sukari ni shilingi 3,000 kwa kilo na robo ni 800. Mwenye robo nne kwa wiki amelipa 3,200 kwa kilo ileile. Maskini analipa zaidi kwa sababu ni maskini, na hapo bado kipimo hakijaibiwa.

Juzi nilikuwa kwa Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu, nasubiri chenji. Akaja binti wa miaka minane hivi na kichupa cha maji.

"Shikamoo, Mangi. Mama kasema mafuta ya kupima, vipimo viwili."

"Marahaba. Lete chupa."

Mangi akachovya kikombe cha bati katika ndoo ya alizeti, akamimina, akachovya tena. Mkono ulikuwa wa haraka, mzuri kuutazama. Binti akaondoka. Mimi nikaomba nione kikombe, akanipa akicheka, maana ananijua. Kitako kilikuwa kimebonyezwa ndani, taratibu, kwa nyundo, kama kiganja cha mtoto. "Kilianguka, mwalimu," akasema. Nikanunua vipimo vitano, ambavyo kwa maneno yake ni lita. Nyumbani nikavimimina katika chupa ya lita: palibaki pengo la vidole viwili.

Vidole viwili kila lita. Binti yule hawezi kuvidai, kwa sababu anaponunua kipimo kimoja pengo haliwezi kuonekana. Mwenye dumu la lita ishirini ana alama za kiwandani na risiti. Wakala wa Vipimo wapo tangu 2002, na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo tangu zamani. Lumbesa wameipigia kelele, gunia lisipite kilo 100, na wamefanya vyema, mkulima ameumizwa sana na vile vilemba juu ya magunia. Mizani ya bucha inagongwa muhuri. Nani amewahi kuona kikombe cha mafuta kimegongwa muhuri? Sheria inasimama kwenye gunia, maisha yapo kwenye kikombe.

Naona nafasi inakwisha na mada ya leo sijaitendea haki. Niseme kwa haraka. Mwaka 1857 Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri kaya ilivyo maskini ndivyo sehemu kubwa ya pato lake inavyomezwa na chakula. Wachumi wameipima kanuni hiyo mara nyingi, haijaanguka. Robert Giffen wa Uskoti anatajwa kwa jambo jingine: mkate ukipanda bei, fukara anaacha nyama na kununua mkate zaidi, maana hana kingine cha kumjaza. Kwetu ngazi hiyo inajulikana bila Giffen. Kuku mzima anakuwa paja, paja linakuwa firigisi, firigisi zinakuwa miguu na vichwa, halafu dagaa, halafu mlenda.

Kula nje ni vivyo hivyo, watu hawaachi, wanashuka. Aliyekaa penye kitambaa mezani anahamia mgahawani, wa mgahawani anahamia kwa mama ntilie, wa kwa mama ntilie anakunywa chai ya rangi na chapati moja saa tano ili iwe asubuhi na mchana kwa pamoja. Mama ntilie mwenyewe hathubutu kupandisha bei. Wali wake anaupima kwa bakuli, anaufunika kwenye sahani, unatoka kama kofia. Tazameni bakuli hilo. Tangu mchele upande, kwa ninayekula kwake mimi, kofia imekuwa ya mtoto.

Kinachonishangaza ni vitu ambavyo havikatwi. Mtu anapunguza mafuta ya watoto lakini mchango wa kamati ya harusi anaulipa kamili, na kadi anaisubiri. Wengine wanakwenda kwenye maduka makubwa yenye viyoyozi kupiga picha na sahani ambayo wameila watu watatu. Hayo nitayachukua wiki ijayo, na barua za wasomaji nitazijibu, ikiwamo ya yule wa Tanga anayesisitiza kwamba pishi ya kwao ilikuwa kubwa kuliko ya Unguja.

Kwa leo nina ombi kwa Wakala wa Vipimo: vikombe vya mafuta vigongwe muhuri kama mizani, na bei yake iwe ndogo ili Mangi asipate kisingizio. Na kwako msomaji, ukimtuma mtoto dukani mwambie aombe kukiona kikombe kabla hakijachovywa. Akigeuze, aangalie kitako.