Wana wa Mafia Waendapo Kambini

Katika kisiwa cha Mafia, mwalimu wa skauti atakaye kuwapeleka vijana wake kambini kwa muda wa wiki moja hana budi, kabla ya kuandika orodha ya majina na kabla ya kuhesabu mahema na sufuria, kuutazama mwezi. Likizo ya katikati ya mwaka huangukia Juni, wakati wa kipupwe, na huo ndio wakati ambao pepo za kusi zimekwisha kushika njia yake, zikivuma tangu mawio hata machweo, na kuichafua bahari ya nje kiasi cha kuwafanya hata manahodha wenye umri na tajiriba kuvifunga vyombo vyao na kukaa kivulini wakitengeneza nyavu. Watoto wa Ulaya huenda kambini jua la kwao linapokuwa limechangamka baada ya baridi ndefu. Hawa wetu huenda wakati wa upepo, na ndiyo sababu kambi zao hutafutiwa mahali ndani ya ghuba ya Chole, pande za Utende, Chole na Juani, ambako miamba na visiwa huukinga mlango wa bahari kuu.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi uandamapo na mwezi uwapo mpevu, na wakati huo tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Baina ya bamvua mbili huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Ama wiki ya kambi ni siku saba, na siku saba ndio mwendo wa kutoka bamvua hadi maji mafu. Mwenye kupakia mashua yake siku ya mwezi mpevu, maji yakijaa kuelekea saa kumi za alasiri, atasogea hata chini ya mikoko na kushusha mizigo pasipo kulowesha gunia. Lakini chombo kijapo kuwachukua wiki moja baadaye, kitakuta maji yanajaa mnamo saa nne za asubuhi, tena yanajaa kwa unyonge, hayafiki pale yalipofika, na watoto watapita matopeni wakiwa na mahema vichwani. Mwalimu aliyezaliwa katika kisiwa cha Jibondo halihitaji somo hili. Mwalimu aliyehamishwa kutoka Dodoma au Tabora, ambaye kwa ada ya bara ameandika katika barua yake kwamba kuondoka ni saa mbili kamili, huyo hulipata kutoka kwa nahodha, naye nahodha humpa kwa adabu, akisema tu kwamba saa mbili ni saa njema, isipokuwa mashua itakuwa imekaa juu ya mchanga.

Nimeanza na maji kwa sababu maji yanaonyesha jambo ambalo wageni wa kisiwa hiki hawalioni upesi, nalo ni kwamba kambi si kitu kigeni kilichokuja Mafia pamoja na skafu na filimbi. Watu wa hapa wana dago. Wavuvi huacha nyumba zao na kwenda kukaa kwa siku kadhaa, au kwa miezi, katika fukwe za mbali na katika visiwa vidogo visivyo na wakazi wa kudumu, mfano wa Shungimbili, Nyororo na Mbarakuni, ambavyo siku hizi vimewekwa kuwa maeneo tengefu ya bahari. Nao wageni, hasa Wapemba wa Kojani, mabingwa wa nyavu ambao sifa yao imeenea pwani nzima, huja kupiga dago katika maji ya Mafia tangu zama za mababu. Huko hujengwa vibanda vya makuti, huchimbwa meko, huanikwa ng'onda, na huishi watu wazima na vijana chini ya amri ya nahodha mmoja, kwa taratibu ambazo hazikuandikwa popote lakini hakuna azivunjaye akabaki na heshima yake.

Kijana aendapo dago kwa mara ya kwanza hapewi ndoana wala usukani. Hupewa upo, afue maji yanayoingia ndani ya mashua. Hupewa dumu, akateke. Hupewa sufuria, apike wali wa watu walioamka kabla yake na watakaolala baada yake. Akiunguza, atasikia maneno. Mapato yagawanywapo, chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na watu wana mafungu yao, naye mdogo hupata chake kwa kadiri ya kazi yake. Shule hii ina ukali ambao mimi siusifu wote, na walimu wa pwani wana haki ya kulalamika kwamba dago limewatorosha wanafunzi wengi madarasani, wengine wasirudi tena. Walakini atakaye kufahamu jinsi jamii ya Mafia inavyomtayarisha mtoto kulala mbali na mama yake asianzie kwenye kitabu cha skauti.

Kitabu chenyewe kilitoka mbali. Robert Baden-Powell aliwachukua vijana wapatao ishirini hata kisiwa kidogo cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, akakaa nao tangu tarehe 1 hata tarehe 8 Agosti mwaka 1907, akiwafunza kupika, kufunga mafundo na kusoma nyayo. Mwaka uliofuata akachapisha mafunzo yake, na jambo likaenea ulimwenguni. Skauti waliingia Tanganyika mwaka 1917, miaka miwili tu baada ya Waingereza kuiteka Mafia kutoka mikononi mwa Wajerumani, Januari 1915. Mwasisi mwenyewe alikuja kumalizia umri wake Afrika Mashariki, akafa Januari 1941 na kuzikwa Nyeri, Kenya. Sina la kuongeza hapo, ila kwamba hunifurahisha kuona ya kuwa bwana yule, alipotaka kuwafanya wana wa mijini wawe watu wa kujitegemea, hakupata njia bora kuliko kuwavusha maji na kuwaweka kisiwani.

Turudi Mafia. Sehemu kubwa ya matayarisho hufanyika majumbani, wala haihusu vyombo. Mwalimu huandika barua kwa wazazi, naye huandika nyingine kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa afisa mtendaji, na hayo ni ya serikali. Lakini mzazi wa Baleni au Kirongwe akiisha kusoma barua, au kusomewa, huuliza swali moja ambalo barua haikulijibu: nani mlezi? Hakusudii jina la mwalimu, kwani hilo limetiwa sahihi chini. Anataka kujua ni mtu mzima gani, wa ukoo unaojulikana, atakayelala hema moja na mwanawe, na ambaye likitokea la kutokea atakuja mwenyewe kubisha hodi na kulisema. Swali hilo ni la kale. Ni lile lile lililoulizwa zama za jando, watoto walipotengwa na kijiji na kukabidhiwa mikononi mwa walezi hadi wapone na kufundika, na ni lile lile linaloulizwa baba anapomkabidhi mwanawe kwa nahodha wa dago. Makabidhiano hayo hufanywa kwa maneno, mbele ya watu, na yana uzito kuliko karatasi. Mwalimu mwenye busara, basi, huzunguka nyumba kwa nyumba baada ya Alasiri, hukaa barazani, hunywa alichopewa, na kusema kwa ulimi wake: «Huyu nimempokea, mzee wangu, na nitamrudisha.» Nimeona walimu wakiidharau ziara hiyo kwa kuiona ni kupoteza wakati, na nimeona orodha zao zikipungua siku ya safari, huyu ana homa, yule amekwenda kwa shangazi yake.

Kwa mabinti jambo ni zito zaidi. Chama cha skauti siku hizi huwapokea wasichana pamoja na wavulana, na wako pia Girl Guides wenye mambo yao. Lakini mama wa Mafia, ambaye binti yake akiisha kuvunja ungo hulindwa kwa staha nyingi, hamwachi aende kulala nje kwa sababu ya sare. Hutaka mwanamke mtu mzima awepo, hutaka mahema ya wasichana yatengwe kwa mwendo wa kutosha, hutaka kujua choo kiko wapi na maji ya kuoga yatatoka wapi, nayo yote ni maswali ya haki. Pale mwalimu alipomwendea kwanza bibi mmoja wa kijiji, mwenye kuheshimiwa, akamwomba aende kambini awe kama somo, yaani kungwi, kwa wasichana, mabinti walitoka. Pale alipokwenda na hotuba juu ya usawa, alirudi na hotuba yake.

Baada ya watu huja maji ya kunywa, na hapa hesabu haina huruma. Chukua mfano wa kambi ya watu 24. Kila mmoja akihesabiwa lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia peke yake, kwa siku saba hizo ni lita 672, yaani madumu 34 ya lita ishirini ishirini, na bado hakuna aliyenawa uso. Udhu na kuoga hutegemea kisima cha kijiji kilicho karibu, na kisima cha kisiwa cha matumbawe aghalabu hutoa maji yenye chumvi chumvi. Watu wa Jibondo, ambao kisiwa chao ni jiwe tupu lisilo na maji matamu ya kutosha, wameishi kwa kuvuna mvua na kuyaleta maji kwa vyombo kutoka kisiwa kikubwa, nao ndio walimu bora wa somo hili: kijana wa Jibondo hunawa mikono kwa kata moja na kuibakiza nusu yake kwa mwenziwe, ilhali kijana wa Kilindoni, aliyezoea bomba, humwaga dumu zima akiosha masufuria mawili. Ningekuwa na amri, kila kundi liendalo kambini lingetiwa vijana wawili wa Jibondo, hata kama hawajui fundo moja la skauti. Lakini mafundo nayo wanayajua, kwani ni wana wa mafundi waundao majahazi kwa macho na mikono pasipo mchoro wa karatasi.

Chakula hakisumbui: mchele, unga, mihogo, nazi za kukuna na kitoweo cha baharini, ambacho hununuliwa kwa wavuvi kwa sababu kuvua kwenyewe ndani ya ghuba si kazi ya kila ajaye. Eneo hilo limo katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya namna yake nchini, iliyotangazwa mwaka 1995 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822, na ruhusa ya kupiga kambi huombwa mapema. Ziko ruhusa mbili, kwa kweli. Ya pili huombwa kwa wazee wa mahali penyewe, ambao hueleza wapi pa kukata kuni na wapi pasiguswe, kisima kipi ni cha watu na kichaka kipi kina wenyewe. Na usiku wa kuamkia safari husomwa dua. Kijana wa sayansi anaweza kutabasamu kwa dua hiyo na kwa makatazo ya wazee, lakini magofu ya Kua, pale Juani, ambako mji mzima uliangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska katika karne ya kumi na tisa, si mahali pa kupiga filimbi na kukimbizana.

Juani pia, katika fukwe zake za mashariki, kasa hupanda kutaga, na vifaranga huanguliwa katika miezi hii hii ya kusi. Kifaranga wa kasa akitoka mchangani usiku huelekea penye mwanga, naye kwa asili huuona mwanga huo juu ya bahari. Ukiwasha karabai au moto mkubwa nyuma yake, atageuka aelekee nchi kavu na kufa kabla ya mchana. Kwa hiyo wale watakao moto wa kambi wenye nyimbo na maigizo hukaa upande wa ghuba, na siku ya kwenda kuwatazama kasa huvuka kisiwa kwa miguu, kimya, pamoja na mwenyeji, taa zikiwa zimezimwa.

Wiki ya mwisho kabla ya safari vijana hulala usiku mmoja katika uwanja wa shule, na hapo ndipo hubainika nani hawezi kutandika chandarua, nani hulia usiku, na nani ameletwa na baba yake bila kupenda. Hufanywa mtihani wa kuogelea, ambao huwashangaza wengi, kwani kuzaliwa kisiwani si kujua kuogelea, na wana wa mashambani, wa minazi na ng'ombe, huzama kama wana wa bara. Hufundishwa kuburuta miguu wapitapo maji mafupi, ili taa aliyejifukia mchangani ashtuke akimbie kabla ya kukanyagwa, na kwamba aliyechomwa mwiba wa taa mguu wake hutiwa katika maji ya moto kadiri awezavyo kuvumilia, kisha hupelekwa hospitali. Jaketi okozi hujaribiwa moja moja na kufungwa kamba zake. Hapo kitabu cha skauti kimelizidi dago, na wazee hukiri hivyo, kwani katika dago hakuna aliyekuwa akiulizwa kama anajua kuogelea.

Linalobaki ni suala la simu, ambalo siku hizi huchukua muda mrefu zaidi katika kikao cha wazazi kuliko maji, chakula na kasa vikijumlishwa. Vijana wanazitaka zote. Walimu hawataki hata moja. Akina mama wanataka kusikia sauti ya mtoto kila siku, na akina baba hunyamaza. Mwafaka unaoelekea kukubalika vijijini ni kwamba simu moja tu huenda kambini, nayo hukaa kwa yule mlezi aliyekabidhiwa watoto mbele ya watu, naye hupigiwa baada ya swala ya Isha. Atakayempigia saa nyingine atajibiwa, ila ajue kwamba mlezi yule yuko jikoni, na moto wa kuni haumngoji mtu amalize maongezi.