Downton Abbey ya Unguja na Muscat: nani arithi?

MUSCAT – Tamthilia ya Kiingereza ya Downton Abbey ilianza kuonyeshwa Uingereza Septemba 2010 ikaendelea mpaka Disemba 2015, kisha zikafuata filamu tatu, ya mwisho mwaka 2025. Kwa asiyeiona, kisa chenyewe kinaanza Aprili 1912 pale meli ya Titanic inapozama na kuondoka na warithi wawili wa lodi mmoja tajiri. Lodi ana mabinti watatu na hana mtoto wa kiume. Jumba, mashamba, cheo na hata fedha alizokuja nazo mkewe kutoka Marekani, vyote vimefungwa kwa sheria viende kwa mwanamme wa ukoo aliye karibu zaidi. Na huyo ni wakili wa Manchester ambaye mabinti hawajapata kumuona.

Nimeiangalia yote, na kila nikiiangalia najiuliza kwa nini hakuna aliyetutengenezea ya kwetu. Maana kisa hiki sisi tunacho, na kwa maoni yangu chetu ni kikubwa zaidi.

Tazama mfano huu. Miezi minne tu kabla ya Titanic kuzama, Disemba 1911, Sayyid Ali bin Hamud, Sultani wa Zanzibar, alijiuzulu akiwa Ulaya. Kijana huyu alisomeshwa skuli ya Harrow, pamoja na watoto wa makabaila wa Kiingereza. Alikalia kiti mwaka 1902 akiwa na miaka 18, na mpaka mwaka 1905 nchi iliendeshwa na Mwingereza kwa niaba yake. Hakurudi tena Unguja, akafia Paris mwaka 1918. Aliyemrithi ni Sayyid Khalifa bin Harub, mzaliwa wa Muscat, mjukuu wa Sayyid Thuwaini, ambaye alikwisha kumuoa Bibi Matuka, dada yake Ali. Ndugu wa mbali anakuja, anaoa binti wa nyumba, anashika nyumba. Aliyeiona Downton atajua nazungumza nini. Tofauti ni kwamba yule wakili wa Manchester aliuawa na mtunzi katika ajali ya gari, na Sayyid Khalifa alitawala mpaka mwaka 1960.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapo ndipo penye utamu. Waingereza waliogopa shamba lisigawike, kwa hiyo wakampa mmoja kila kitu na wengine wakawaachia posho na matumaini ya kuolewa. Sisi Qurani, katika Suratun Nisaa, imetugawia mafungu: mke, mama, mtoto wa kike, mtoto wa kiume, kila mtu na lake. Sayyid Said bin Sultan alipofariki baharini mwaka 1856, akitoka hapa Muscat kurudi Unguja, aliacha watoto 36, wote wa masuria, na kila mmoja akapata fungu lake. Mmoja wao, Sayyida Salme, alikuwa na miaka 12. Alihesabiwa mtu mzima, akapewa shamba lenye nyumba na fedha taslimu. Mtoto wa kike wa miaka 12! Huko Uingereza mke wa mtu alisubiri mpaka sheria ya mwaka 1882 ndipo akaweza kumiliki mali kwa jina lake kama mtu kamili.

Lakini tusijisifu haraka. Fungu la mwanamke ni nusu ya la mwanamme, na mwenye kutoka katika dini hana fungu. Salme alitoroka Unguja mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza, akabatizwa Aden, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaitwa Emily Ruete. Mumewe akafa kwa ajali ya tramu mwaka 1870 akamwachia watoto wadogo. Akarudi Unguja mwaka 1885 akifuatana na manowari za Bismarck kudai mirathi ya ndugu zake waliokufa. Kaka yake, Sayyid Barghash, hakumpa kitu wala hakukubali kuonana naye. Kitabu chake cha maisha yake kilitoka mwaka 1886, na yeye alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Na kiti cha enzi hakigawiki kwa mafungu. Hapo sheria ilinyamaza na panga likasema. Thuwaini alibaki na Muscat, Majid na Unguja, Barghash akaasi mwaka 1859 akahamishiwa Bombay. Mwaka 1861 Lord Canning, Gavana Mkuu wa India, akakata shauri: nchi mbili zitengane, Unguja ilipe Muscat dola 40,000 za fedha za Maria Theresa kila mwaka. Miaka mitano baadaye Thuwaini aliuawa Sohar na mwanawe mwenyewe, Salim.

Downton ina vyumba vya chini, wanakokaa wapishi na watumishi. Nyumba zetu nazo zilikuwa na vyumba vya chini, ila waliokuwamo hawakulipwa mshahara. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, lakini masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Hapa Oman ilikuwa mpaka mwaka 1970. Ndiyo maana namsifu Jokha Alharthi, mwandishi wa hapa, ambaye riwaya yake ya Sayyidat al-Qamar ya mwaka 2010 ilishinda tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka 2019. Humo mna Zarifa, mjakazi aliyemlea mtoto wa tajiri wake. Jambo hilo wengi wetu hatupendi kulitaja mezani, hasa posa inapoletwa na wazee wakaanza kuulizana nasaba.

Cha kuchekesha ni haya ya juzi. Mwaka 2013 Waingereza walipitisha sheria kwamba katika ufalme wao mtoto wa kiume hamtangulii tena dada yake mkubwa (vyeo vya malodi wameviacha vilevile). Oman nayo, baada ya Sultan Qaboos kufariki Januari 2020 bila ya mtoto na kumtaja mrithi ndani ya barua, ilitunga sheria Januari 2021 kwamba kiti kitakwenda kwa mtoto wa kiume mkubwa wa Sultani. Nyumba ya Busaidi, baada ya vita vyote vile, imekuja kwenye utaratibu wa Kiingereza, na mimi siwalaumu. Waliozikwa kwa kukosa utaratibu ni wengi.

Sultani wa mwisho wa Zanzibar, Sayyid Jamshid bin Abdullah, mjukuu wa yule Khalifa, alipinduliwa Januari 1964 akiwa na miezi sita tu kitini. Aliishi Portsmouth, Uingereza, zaidi ya nusu karne, na aliruhusiwa kuhamia hapa mwaka 2020. Alifariki hapa Muscat tarehe 30 Disemba 2024.

Na sisi wengine? Baada ya Mapinduzi, serikali ilitaifisha mashamba na majumba ya watu wengi, mashamba yakagawiwa eka tatu tatu. Waliochukuliwa na wasiochukuliwa, wengi walikimbia bila ya kugawa mirathi, na hesabu inaendelea kujigawa yenyewe. Chukua mtu aliyefariki hana mke wala wazazi, kaacha nyumba Mji Mkongwe, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mafungu saba: kila mwanamme mawili, kila mwanamke moja. Binti mmoja akifa akaacha mume, mtoto wa kiume na wa kike, lile fungu lake linakatwa mara nne: moja la mume, mawili la mtoto wa kiume, na moja la yule binti mdogo. Huyo sasa ana sehemu moja kati ya 28 ya nyumba ambayo pengine hajawahi kuingia mlango wake, na wenzake wako Dubai, London na Mombasa. Wazee wakiwa bado hai wanaojua nani alizaliwa na nani, kadhi bado anaweza kuifungua hesabu hiyo.