Ndege wa gramu 25 anayetoka Alaska kuja kukaa kwa majirani zetu

Yai la kuku lina gramu 50 na zaidi kidogo. Ndege tunayemzungumzia ana uzito wa nusu ya yai hilo. Hata hivyo, kila mwaka anatoka Alaska, jimbo la Marekani lililo karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, na kufika Sudan, Uganda na Kenya. Ni kilometa 14 500 kuja, na nyingine kama hizo kurudi. Hiyo ni karibu mara tisa ya umbali wa avion toka Goma hadi Kinshasa, na mafuta yake ni wadudu anaookota njiani.

Kwa Kifaransa anaitwa traquet motteux. Zamani ilidhaniwa tu kwamba wale wa Alaska wanakuja Afrika, maana wakati wa baridi hawakuonekana popote Amerika. Lakini kudhani si kujua. Ndege mkubwa kama korongo anaweza kubeba chombo kinachotuma habari kwa satelaiti, huyu angelemewa.

Watafiti walioongozwa na Franz Bairlein, wa taasisi ya uchunguzi wa ndege ya Wilhelmshaven inchini Ujerumani, pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Guelph inchini Kanada, wakatumia kifaa cha gramu 1,4. Hakitumi kitu chochote. Kinapima mwangaza na kuweka saa, basi. Urefu wa mchana unaonyesha ndege yuko mbali kiasi gani na ikweta. Saa ya katikati ya mchana inaonyesha yuko mashariki au magharibi kiasi gani. Kasoro ni kwamba karibu na tarehe 22 mwezi wa tisa mchana na usiku vinalingana dunia nzima, na hesabu ya kaskazini na kusini inapotea. Wakati huo ndege wako njiani!

Taabu kubwa zaidi ni hii: ili kusoma kifaa, lazima ndege yule yule akamatwe tena mwaka unaofuata. Walifungwa 46, kule Alaska na kwenye kisiwa cha Baffin, kaskazini mwa Kanada. Habari zilipatikana kwa wanne tu.

Wanne ni wachache, lakini safari zao ziliwashangaza wengi zilipotangazwa munamo mwezi wa pili 2012. Watatu wa Alaska waliondoka mwezi wa nane, wakapita juu ya Urusi, Kazakistani na jangwa la Uarabuni, wakafika Afrika mwezi wa 11. Kurudi walitumia siku 55 hivi, haraka kuliko kuja, kwani kule kaskazini majira ya kuzaa ni mafupi sana. Yule wa Baffin alitokea mlango mwingine kabisa: akavuka Atlantiki, kama kilometa 3 500, kwa siku nne hivi, kisha akashuka hadi Mauritania. Wametoka bara moja, mmoja magharibi, mwingine mashariki, na wote wamekuja Afrika. Watafiti walipima pia manyoya yaliyoota wakati wa baridi, nayo kwa jumla yakaonyesha jambo lile lile.

Kwa hiyo Alaska inaweza kulinda mawe ambamo ndege huyu anaficha kiota chake, lakini karibu miezi mitano ya mwaka wake iko mikononi mwa watu wengine: wanaochoma majani, wanaopuliza dawa za wadudu, na huko Sudan, wanaopigana tangu mwezi wa nne 2023. Sisi hatuko mbali. Uganda ni ng'ambo tu ya ziwa Albert.

Anayesafiri huko kati ya mwezi wa 11 na wa tatu atazame penye majani mafupi. Ndege mdogo anakimbia chini, anasimama juu ya jiwe au kichuguu, anatikisa mkia. Akiruka, weupe unaonekana wazi juu ya mkia. Ndiye huyo.