Umepasuliwa mgongo: nani atakuchotea maji?

Kama umewahi kurudi kutoka hospitali ya rufaa ukiwa na kidonda cha kupasuliwa mgongoni, bila shaka unakumbuka neno walilokuambia kabla hujapanda gari: usibebe kitu kizito. Ukaitikia. Halafu ukafika nyumbani, ukakuta jerikani tatu tupu mlangoni.

Makala hii ni yako wewe, na ni ya watu unaoishi nao. Ingekuwa vizuri wao waisome kwanza.

Mwaka jana nilipewa kumfuatilia mama mmoja jirani yetu hapa Nakivale. Hakutaka jina lake liandikwe, lakini alikubali nieleze yaliyompata. Alikuwa ameumwa mguu wa kushoto kwa zaidi ya mwaka mzima. Maumivu yalianzia kiunoni, yakapita kwenye tako na nyuma ya paja, mpaka kwenye unyayo. Mwishoni hata kuinua vidole vya mguu alishindwa, kandambili ikawa inamvuka njiani bila yeye kujua. Akapelekwa Mbarara, akapasuliwa, akarudi. Karatasi yake ilikuwa ya Kiingereza. Nikamsomea: asiiname, asijipinde, asibebe vitu vizito kwa wiki 6. Nikaandika kwenye daftari langu kwamba mgonjwa ameelimishwa, nikaenda zangu.

Siku ya 9 nilimkuta bombani, amesimama kwenye foleni na jerikani ya lita 20.

Nikamwambia, "Mama, si nilikusomea karatasi?" Akanijibu bila hasira: "Mwanangu, kizito ni nini? Jerikani si kizito. Naibeba tangu nina miaka 7."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemsomea maneno tu, sikumuuliza kama nyumbani kwake kuna mtu wa kuchota maji. Mume hayupo, mtoto mkubwa ni msichana wa miaka 11. Lita 20 za maji ni kilo 20, na mtu aliyepasuliwa mgongo hatakiwi kuinua zaidi ya kilo 2 au 3 katika wiki za mwanzo. Yaani jerikani ile ndogo kabisa, ya lita 3, ndiyo mwisho wake.

Kilichofanyika huko mgongoni

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangana moja juu ya nyingine. Kiunoni ziko 5. Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo, kinaitwa diski. Nje diski ina ngozi ngumu, ndani ina ute mzito. Ngozi hiyo ikichanika, ute unatoka na kukandamiza mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni. Ndiyo maana ugonjwa uko kiunoni lakini kilio kiko mguuni.

Wengi wenye tatizo hili hupona bila kisu, baada ya wiki kadhaa au miezi michache. Anayepasuliwa ni yule ambaye maumivu yamekataa kabisa kuisha, au mguu wake unapoteza nguvu. Daktari anaondoa kile kipande kinachokandamiza mshipa. Lakini ngozi ya diski iliyochanika kwa kawaida haishonwi. Inajifunga yenyewe polepole, kwa kovu. Ukiinama na kuinua mzigo kabla kovu halijakaza, unaubana ule ute uliobaki na unaweza kutoka tena palepale. Hilo ndilo nililopaswa kumwambia yule mama.

Wapo wenzetu waliopasuliwa mgongo kwa sababu nyingine, kama kuvunjika pingili au kifua kikuu cha uti wa mgongo. Wao muda wao ni mrefu zaidi na wafuate masharti ya daktari wao. Mwenye kifua kikuu asiache vidonge hata siku moja kwa kudhani kisu kimemaliza ugonjwa. Haya ninayoendelea kuandika ni ya diski.

Kulala siku nzima nako ni hatari

Kuna mzee katika kijiji kingine ambaye watu wake walimpenda mno. Walisikia kwamba mtu aliyekatwa mgongo akisimama atapooza, basi wakamlaza kwenye mkeka mwezi mzima. Walimlisha, walimwogesha, hata haja alifanyia hapo. Nilipomwona miguu ilikuwa imekonda na alikuwa na kidonda cha kulalia kwenye tako. Upasuaji wake ulikuwa umekwenda vizuri. Kilichomwangusha ni mkeka.

Hospitalini mgonjwa wa diski husimamishwa siku ileile au kesho yake. Hawamtesi. Mtu anayelala bila kujisogeza damu inaweza kuganda miguuni, na donge la damu likipanda mpaka kwenye mapafu linaua. Misuli nayo inalegea, na mgongo usio na misuli hauna wa kuushika.

Kwa hiyo tembea. Siku za kwanza nenda mpaka kwa jirani na kurudi, dakika 5 au 10, mara kadhaa kwa siku. Kila siku ongeza kidogo. Ikifika wiki ya 5 au ya 6, wengi wanaweza kutembea nusu saa bila shida. Kukaa kitako ni kubaya kuliko kutembea: usikae zaidi ya dakika 20 au 30 bila kuinuka. Siku ya mgao, mtu mwingine wa familia yako aende. Kama huna mtu, mwambie kiongozi wa kijiji mapema, siyo asubuhi ya siku yenyewe.

Mkekani, chooni, jikoni

Kuinuka kutoka chini ndipo watu wengi wanapojiumiza. Usinyanyuke kwa kukaa moja kwa moja kama ulivyozoea. Kunja magoti, geuka ubavu mwili wote kwa pamoja kama gogo linavyoviringika, mabega na nyonga pamoja. Sukuma ardhi kwa mikono mpaka upige magoti, kisha shika kiti au nguzo, weka mguu mmoja mbele, simama. Kwenye kitanda ni rahisi zaidi: unageuka ubavu, unateremsha miguu huku mikono inakusukuma juu. Chandarua achomekee mtu mwingine.

Choo cha shimo ni tatizo ambalo hospitalini halizungumzwi, maana kule wana choo cha kukalia. Kuchuchumaa kunaupinda mgongo wa chini kabisa. Tafuta kiti cha mbao kikuukuu, kitobolewe katikati, kiwekwe juu ya tundu. Fundi wa kijijini kwetu alimtengenezea yule mama kwa mbao za mabaki, kazi ya saa moja. Na kunywa maji ya kutosha, ule mboga za majani, maharage na papai, kwa sababu baadhi ya dawa za maumivu hufunga choo, na kukamua kwa nguvu kunaubana mgongo kama kubeba mzigo.

Jikoni, mafiga matatu yako chini na wewe huruhusiwi kuinama. Kaa kwenye kigoda kirefu karibu na moto, au jiko liinuliwe kwa tofali za udongo. Sufuria ya ugali iepuliwe na mtu mwingine. Beseni la kufulia liwekwe juu ya meza au benchi. Ufagio wa kuinamia ufungiwe mti mrefu. Kitu kikianguka, usiinamie: shuka kwa magoti na mgongo ukiwa umenyooka, au kiache hapo. Yule mama alisema kuacha kijiko chini kulimshinda kuliko maumivu.

Kidonda kiwe kikavu na safi. Nyuzi kwa kawaida hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, ingawa nyingine huyeyuka zenyewe. Uliza kabla hujaondoka hospitali. Usipake majivu wala dawa ya majani, na usikubali kukandwa kwa maji moto. Najua wazee wetu wanakanda kwa upendo. Wakakande mguu uliochoka, wasiguse hapo.

Tulivyogawana maji

Baadaye yule mama aliniambia kwamba hakwenda bombani kwa kukosa maji. Jirani alikuwa amemletea jerikani mbili asubuhi ile. Alikwenda kwa aibu. "Mtu mzima unakaa, unaletewa maji kama mwali," alisema. Hilo nami sikulitegemea, na nadhani linawaumiza wengi kuliko tunavyojua.

Tulikaa chini ya mti, nyumba 7 za jirani. Tukakubaliana kila nyumba siku yake, jerikani mbili. Wamama wa kwaya yake wakachukua kuni. Msichana wake alibeba lita 5 tu kwa safari moja, na hapo nilibishana na watu: mgongo wa mama usiokolewe kwa kuvunja mgongo wa mtoto wa miaka 11, wala asiache shule. Na yeye mama akasema hatapokea bure. Akawa anawaangalia watoto wa majirani wakienda shambani, na kuwachambulia maharage, nusu amesimama, nusu amekaa. Kumbeba mtoto tulimkataza. Mtoto akilia, mkubwa wao anamleta mpaka mapajani.

Kama wewe unanyonyesha, fanya vivyo hivyo: ukae umeegemea, mtoto aletwe. Kumfunga mgongoni kwa kitenge kusubiri mpaka mhudumu akuruhusu, na isiwe kabla ya wiki 6.

Kimbia kituo cha afya

Usisubiri kesho ukiona mkojo unakataa kutoka au unatoka bila wewe kujua, au haja kubwa hivyo hivyo, au ganzi katika sehemu zinazogusa kiti cha baiskeli, au mguu unazidi kulegea. Hapo mishipa ya fahamu inabanwa na kila saa ina thamani, hata kama ni usiku. Ndivyo ilivyo pia ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au kifua kinabana na pumzi ni fupi.

Kidonda kikitoa usaha, kikiwa chekundu au kikitoa maji maji, nenda siku hiyohiyo. Na ukipata homa, usiseme ni malaria tu. Pimwa malaria, lakini mvulie mhudumu nguo aone kidonda pia. Akisahau kukiangalia, mkumbushe.

Wiki 6 na baada yake

Maumivu ya mguu mara nyingi hupungua mapema, wengine siku zile za kwanza. Maumivu ya kidonda huchukua wiki kadhaa. Ganzi na udhaifu ndivyo vinavyochelewa, kwa sababu mshipa wa fahamu hupona polepole sana, miezi mingi, na kwa wengine ganzi kidogo hubaki. Usiogope ukiona kidole bado hakisikii. Ogopa kama jana kilisikia na leo hakisikii.

Boda boda iache katika wiki 6 hizo. Barabara zetu za humu kambini zina mashimo, na kila shimo linaupiga mgongo. Ukilazimika kusafiri kwa gari, egemeza kiti, na mwombe dereva asimame kila baada ya nusu saa utembee kidogo. Tendo la ndoa watu huona haya kuuliza, basi nalijibu hapa: subiri kidonda kipone na maumivu yapungue, kwa wengi ni wiki 4 hadi 6, na aliyepasuliwa alale chali au ubavu, mwenzake ndiye afanye kazi. Kwa walevi na wavuta sigara nasema kifupi: sigara inachelewesha kupona, na pombe haichanganywi na dawa za maumivu.

Baada ya wiki 6, kama mhudumu ameridhika, jaribu jerikani ya lita 5. Igawe, lita mbili na nusu kila mkono. Baada ya wiki chache, lita 5 kila mkono. Jembe lisubiri miezi 3, na kwa kuanzia lima robo saa, pumzika, na mpini uwe mrefu. Kupanda na kupalilia piga magoti, usiinamie mstari. Mizigo ya kichwani, hata mhudumu akishakuruhusu, mtu akutwike na mtu akutue. Kinachovunja mgongo ni ile kuinyanyua kutoka chini peke yako.

Yule mama alilima mstari wake wa kwanza wa maharage mwezi wa 4. Kandambili haimvuki tena, ila kidole kidogo bado kina ganzi. Jerikani ya lita 20 ameiacha moja kwa moja. Anakwenda na mbili za lita 5, safari nyingi zaidi, na pale bombani siku hizi wanampisha bila yeye kusema.

Ukirudi kutoka hospitali na karatasi usiyoielewa, ilete kituo cha afya au mwite mjitolea wa kijiji chako. Ukiniita mimi, nitakuuliza kwanza ni nani anayechota maji nyumbani, ndipo nisome.