Kina cha Ukuta wa Matofali Katika Mchoro wa Kompyuta

Matofali ya kuchoma yafahamika sana Lushoto na katika milima ya Usambara. Kuyachoma huhitaji kuni nyingi, na kuni hutoka mitini. Kwa hiyo yafaa msanifu wa majengo aonyeshe sura ya ukuta katika kompyuta kabla tofali la kwanza halijaingia tanurini. Lakini picha ya matofali ikibandikwa tu juu ya ukuta uliochorwa, ukuta huonekana kama karatasi: rangi ipo, kina hakipo.

Sababu yake ni mwanga. Mwaka 1760 mwanahisabati Johann Heinrich Lambert alieleza kwamba mwanga unaopokewa na uso hutegemea kosaini ya pembe iliyopo kati ya miale na mstari uliosimama wima juu ya uso huo. Kwa tofauti hizo jicho hutambua matuta na mabonde. Mwaka 1978 James Blinn wa Marekani alionyesha kwamba kompyuta yaweza kuuinamisha mstari huo kwa hesabu tu, bila kuubadili uso wenyewe. Hutumiwa ramani ya vimo, ambamo matofali hutiwa weupe kwa kuwa yametokeza, na viungo vya mota hutiwa weusi kwa kuwa vimeingia ndani.

Njia hiyo ni nyepesi, lakini ina upungufu. Pembe ya nyumba hubaki imenyooka kama rula, na tofali haliangushi kivuli juu ya kiungo. Mwaka 1984 Robert Cook alieleza njia ya kuusogeza uso wenyewe kwa kufuata ramani.

Kivuli hicho si jambo dogo. Lushoto iko karibu nyuzi 4.8 kusini mwa Ikweta. Tarehe 21 Juni, jua lifikapo kilele chake, huwa upande wa kaskazini, nyuzi zipatazo 62 juu ya upeo wa macho. Ikiwa kiungo kimeingia ndani milimita 5, kivuli cha tofali la juu hushuka milimita 5 mara tanjenti ya nyuzi 62, yaani zaidi kidogo ya milimita 9. Hivyo kiungo cha milimita 10 karibu chote huwa kizani. Ukuta wa kusini, saa hiyo hiyo, haupati jua kabisa. Mchoro usiozingatia hayo humwonyesha mwenye nyumba ukuta asioweza kuupata.

Wanafunzi waweza kulihakikisha jambo hili kwa rula, katika ukuta wa shule usiofunikwa na kivuli cha paa.